Chupa Mbili Siku ya Mahari ya Angèle

Siku ya mahari ya Angèle, binti wa marehemu mdogo wangu, nilipewa chupa ya sukre iliyofunguliwa mbele ya macho yangu, nikaambiwa ninywe. Nilipaswa kukataa. Kulikuwa na njia ya kukataa bila kumuudhi mtu yeyote, na njia hiyo nilikuwa nimefundishwa na mjukuu wangu wa miaka kumi na sita. Sikuitumia. Nilikunywa, halafu nikaomba ya pili.

Naandika nikiwa nimeketi barazani kwangu, Mangobo. Maumivu makubwa yamepita. Karibuni wanaume wawili wa mtaa wetu wamekutwa na ugonjwa wa sukari, na kila mmoja amekuja kwa wakati wake kuniuliza mambo yanakuwaje. Mdomo wangu unachoka upesi siku hizi, ndiyo maana nimeona heri niandike mara moja, asome anayetaka. Mambo ya madaktari siyajui na sitayaeleza. Nitasema yaliyonipata.

Sukre ni jina tunalolipa hapa Kisangani kila kinywaji baridi cha chupa chenye gesi na sukari, kiwe chekundu, cheusi au cha rangi ya machungwa. Mgeni akiingia nyumbani kwako, kumpa maji tu ni aibu. Unatuma mtoto akalete sukre, na kifuniko kinafunguliwa mbele ya mgeni, aone kwamba hakuna mkono uliotia kitu ndani. Ukiikataa chupa ya namna hiyo, umemwambia mwenye nyumba kwamba unamshuku. Nimeanza na desturi hii kwa sababu mengine yote yametoka hapo.

Nilifanya kazi ya kutunza ghala la mfanyabiashara mmoja wa jumla, mtu wa Kivu ya Kaskazini. Mchana, joto lilipokuwa kali chini ya mabati, tajiri alitupatia kila mmoja chupa baridi, na hiyo ilikuwa heshima ya kazi yetu. Nilipostaafu kazi niliiacha, chupa sikuiacha. Kila Jumapili baada ya misa nilimshika Dorcas mkono, mtoto wa binti yangu Charlotte, tukapita kwenye kibanda cha kona, tukanywa mbili, yangu na yake. Alianza kwenda nami akiwa bado hawezi kuishika chupa kwa mkono mmoja. Mimi ndiye niliyemzoeza. Wakati ule niliona ni upendo, na ulikuwa upendo.

Ugonjwa ulianza na kiu. Niliamka na kiu, nilikula na kiu, nilisali na kiu. Maji niliyaona hayana nguvu, basi kiu hiyo niliizima kwa sukre. Nilivyozidi kunywa ndivyo kiu ilivyozidi kurudi, na mimi, mtu aliyemaliza shule ya sekondari, sikuunganisha mambo hayo mawili. Suruali zikaanza kuteremka. Charlotte alitoboa tundu jipya kwenye mkanda wangu, kisha jingine. Majirani waliniambia nimekuwa kijana tena, nami nikafurahi.

Aliyeona sisimizi ni Charlotte. Walikuwa wamejipanga mstari kutoka ukutani hadi mahali nilipokuwa nikikojoa nyuma ya nyumba, siku za mvua kubwa nilipokuwa mvivu wa kwenda chooni. Aliniita akanionyesha kwa kidole. Nilimwambia amwage majivu. Alimwaga majivu, na kesho yake akaniambia nivae viatu, naenda hospitali.

Walimu walikuwa katika mgomo, kwa hiyo Dorcas ndiye aliyenisindikiza. Chumba cha kungojea kilikuwa na mabenchi ya mbao yaliyong'aa kwa kukaliwa. Tulikuwa tumeambiwa tuje bila kula. Mama mmoja mnene aliyekaa karibu nasi alikuwa ameficha mikate ya mafuta ndani ya kitenge, na kila aliposhusha kichwa kama anayesali, shavu lake lilivimba. Dorcas alibana kicheko mpaka machozi yakamtoka. Nakumbuka asubuhi ile kuwa ya furaha, jambo la ajabu kidogo.

Muuguzi alikuwa kijana mwanamke. Alinichoma kidole, akatazama mashine yake ndogo, akatazama tena.

"Papa, unakunywaka sukre?"

"Kidogo," nilisema.

"Koko!" Dorcas alishtuka; koko kwetu ni babu. "Kidogo?"

"Wewe nyamaza."

"Mama, asikudanganye. Mpaka mwenye kibanda anamuonaka kwa mbali, anafungua chupa."

Muuguzi hakucheka. Alinipa vidonge, akanikataza sukre na chai ya sukari, akaniambia nirudi kila mwezi kuchomwa kidole. Halafu aliinama, akanivua soksi, akanigusa unyayo kwa ncha ya kalamu. "Unasikia?" Sikusikia kitu.

"Sasa nisikilize muzuri, papa," alisema. "Benye tunakataka muguu hapa, karibu bote balikuwa na kidonda kidogo yenye hakuna mutu aliona. Muguu yako haitakuambia tena kama inaumia. Donc kila siku mutu aangalie. Juu, chini, katikati ya vidole. Weye mwenyewe hauwezi kuona chini ya muguu. Nani atakuangalilia?"

"Mimi," alisema Dorcas.

"Na weye pia, chunga. Ile bugonjwa inapendaka kutembea mu famille."

Kutoka siku hiyo nilijua tunachokilinda. Ni miguu yangu, na mbali kidogo, ni huyo mtoto.

Tulirudi kwa njia ya kona. Mwenye kibanda alituona, akatoa chupa mbili.

"Papa Berna! Za kawaida?"

"Leo haina," alijibu Dorcas kabla yangu, na kunivuta mkono. Tulipokuwa tumepita alisema, "Koko, ukiacha weye, na mimi naacha."

Nilicheka. Nilimwambia yeye hana ugonjwa, anywe tu.

"Hapana. Nikikunywa mbele yako utaona hamu. Alors tuache bote. Mi sitakunywa, na nitakuangalia miguu kila magaribi. Weye hautakunywa. Lakini siku utakunywa, na mimi niko libre. Sitaangalia tena. Unakubali?"

"Nakubali."

"Sema mbele ya Mungu."

Nilisema mbele ya Mungu, katikati ya njia, baiskeli za toleka, zile za kubeba abiria, zikitupita kwa kengele.

Sikujua kwamba yeye alikuwa amechukua sehemu iliyo nzito zaidi. Mzee akiacha sukre, watu wanasema amezeeka. Kijana akiacha, wenzake wanataka sababu, na hakuna sababu inayowatosha. Nililiona hilo barazani kwangu Jumapili moja. Alikuja Naomie, rafiki yake wa darasani, pamoja na kijana wa jirani aitwaye Trésor, mwenye mdomo mwepesi. Walikuja na chupa tatu. Dorcas akaenda ndani kujichotea maji.

"Ni nini sasa?" Naomie aliuliza. "Uko mu jeûne, unafunga? Kanisa gani balikukataza?"

"Hakuna kanisa."

"Bon, basi ni docteur? Uko mugonjwa?"

"Siko mugonjwa."

"Sukari ni bugonjwa ya ba patron," alisema Trésor. "Benye tumbo inatangulia mu mulango. Weye tumbo iko wapi? Tuonyeshe."

"Ya kwako ikikuja utanionyesha weye."

Walicheka wote. Lakini Naomie hakuachia. "Mi siwezi kuacha," alisema, na sauti yake haikuwa ya mzaha. "Nikienda mu fête na nikakunywa maji, batasema kwetu kumekauka. Maji tunakunywaka nyumbani kila siku. Sukre ndiyo inaonyesha kama umetoka nyumbani."

"Na iko tamu," aliongeza Trésor. "Tuseme ukweli. Bazee balikunywa mpaka balichoka, sasa banatuambia iko mubaya. Wakati ya kwetu ndiyo inakuwa mubaya?"

Alisema hivyo akinitazama upande.

"Alors, Dorcas," Naomie akasema, "kama hauko mugonjwa, na hauko mu jeûne, uko na nini?"

"Niko na koko," Dorcas alisema, akanywa maji yake.

Walimtania kwa maneno hayo muda mrefu. Shuleni wakaanza kumwita Mama Maji. Trésor alipompita njiani alimwuliza kama mto umekauka. Aliyavumilia yote, na njia yake ya kuvumilia haikuwa ya kitakatifu; alijibu, alitukana kidogo, siku moja alimrushia Trésor ganda la ndizi. Lakini hakunywa.

Kwenye sherehe ndiko alikogundua mbinu yake. Jirani alifanya karamu ya komunyo ya kwanza ya mtoto wake, na kila mmoja alifunguliwa chupa. Dorcas alipokea ya kwake, akaacha ifunguliwe mbele yake, akashukuru. Akaigusa kwa midomo, hakumeza. Akatembea nayo karamu nzima, akazungumza nayo mkononi, akacheza nayo, mpaka ikapata joto, na mwishoni akampa mtoto mmoja mdogo aliyekuwa akilia.

"Umeona, koko?" aliniambia tukirudi. "Usikatae. Kukataa ndiyo inaleta maneno. Ikamate tu. Hakuna mutu anaangalia kama inapunguka. Chupa inatembea na weye, ni yote."

Nilimwambia ana akili. Niliijaribu mara mbili msibani, na kweli hakuna aliyeangalia.

Kila jioni kabla ya chakula aliweka beseni la maji ya uvuguvugu mbele ya kiti changu. Aliniosha, akanikausha katikati ya vidole, kisha akawasha taa ya simu na kuinama. "Contrôle!" alisema kwa sauti nene, kama askari wa kizuizi cha barabara ya Kapalata. "Toa pièces. Muguu ya kushoto, iko na document?" Nilimjibu kwamba document imebaki nyumbani. "Basi utalala hapa." Charlotte, akitwanga ndizi za lituma pembeni, alituambia tuache upuuzi, chakula kinapoa. Mara moja Dorcas aliona mchubuko mdogo kwenye kisigino ambao mimi sikuujua kabisa. Tulienda hospitali asubuhi, wakausafisha, ukapona. Tulicheka kwamba afisa amekamata mhalifu.

Msimu wa viwavi wa kula ukapita hivyo, na mvua kubwa zikapita. Kila mwezi kidole kilichomwa, na kila mwezi muuguzi alionekana ameridhika zaidi. Kwenye mkanda nilianza kurudi kwenye matundu ya zamani. Kiu iliondoka. Sikuwaambia watu nje ya nyumba kwamba nina ugonjwa huo. Nilikuwa mkubwa wa ukoo, na nilifikiri neno la mgonjwa halisikilizwi.

Kisha, mwanzoni mwa kiangazi kifupi, ikafika siku ya Angèle.

Wakwe walitoka Barumbu, watu wa mto, watu wa heshima. Kwa kuwa mdogo wangu amekufa, mimi ndiye niliyekaa kwenye kiti cha baba. Miongoni mwa vitu walivyotakiwa kuleta kulikuwa na suti na viatu vya baba, na desturi kwetu ni kuvivaa palepale, watu waone vimepokewa. Viatu vilikuwa vyeusi, vyembamba mbele, vya ngozi ngumu. Vilikuwa vidogo. Nilijua kwa macho tu, maana miguu haikuniambia chochote. Nilivivaa, nikatembea hatua chache, wanawake wakapiga vigelegele.

Baadaye ikaja chupa. Mkubwa wa ukoo hunywa kwanza kutoka chupa waliyoileta wakwe, kisha humpa mkubwa wa upande wa pili, na hapo neno limekubaliwa. Wasichana wa nyumba walikuwa wakihudumia, na aliyeshika kifungulio alikuwa Dorcas. Alikuja mbele yangu, akainama kidogo, akafungua. Gesi ikalia. Alinitazama machoni, akashusha unyusi mmoja, ishara yetu: midomo tu, koko.

Dada yangu mkubwa, Yaya Sofia, alikuwa nyuma ya kiti changu. Aliinama sikioni.

"Berna, kunywa kwa kweli. Banakuangalia. Balisikia kama uko mugonjwa."

"Nani alisema?"

"Batu banasema. Ukigusa tu, batasema haukubali, ao unawaza baliweka kitu. Utaharibu mambo ya mutoto yatima juu ya chupa moja?"

Nilikuwa na dakika nzima ya kufikiri. Ningeweza kugusa kwa midomo, na mzee wa Barumbu, aliyekuwa akiona kwa shida, asingejua tofauti. Ningeweza kusema wazi kwamba nina ugonjwa wa sukari. Leo, baada ya kuzungumza naye mara nyingi, najua angenielewa. Mke wake alikuwa nao. Niliinua chupa, nikanywa.

Ilikuwa baridi, na ilikuwa tamu kama nilivyoikumbuka. Watu walipiga makofi. Nilikunywa nusu, nikampa mzee, akamaliza, neno likawa limekubaliwa. Hapo hakuna aliyenidai kitu tena. Mambo ya Yaya Sofia yalikuwa yamekwisha, mambo ya wakwe yalikuwa yamekwisha. Nikanyoosha mkono nikasema, "Niletee nyingine."

Hiyo ya pili haikuwa ya ukoo. Ilikuwa yangu.

Dorcas aliileta. Aliifungua mbele yangu kama inavyotakiwa. Nilikunywa yote. Nilipoishusha chupa tupu, nilimwona bado amesimama palepale. Alichukua nyingine kutoka kwenye kasha, akaifungua mbele ya macho yangu kama anavyofunguliwa mgeni, akainywa yeye mwenyewe, kwa utaratibu, bila kuniondolea macho, mpaka ikaisha. Kisha akaenda kuhudumia wengine. Nilimsikia Trésor kule nyuma akipiga kelele: "Mama Maji amerudi duniani!" Wakacheka, naye akacheka.

Jioni ile nilikaa kwenye kiti changu barazani. Beseni halikuja. Nilimsikia akipiga hadithi na Naomie kwenye lango.

"Dorcas," niliita.

"Koko."

"Miguu."

Alikuja mpaka ngazi ya kwanza, hakupanda. "Tulisema, koko. Mbele ya Mungu."

Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu anayekukumbusha saa. Pale ningeweza kusema maneno machache: nimekosa, tuanze upya. Nilikuwa na umri wa kutosha kuyasema. Badala yake nilimwambia aende, nitajiangalia mwenyewe.

Sikujiangalia. Siwezi kuinama kiasi hicho, na sikumwomba Charlotte, kwa sababu angeuliza kwa nini Dorcas ameacha. Mwezi ulipofika wa kuchomwa kidole sikwenda, kwa sababu nilikuwa nimepita tena kwenye kibanda cha kona, na kidole kingesema. Mwezi uliofuata sikwenda pia. Viatu vya Barumbu nilivivaa kila Jumapili kanisani. Watu walivisifu.

Harufu ndiyo iliyonifichua. Nilifikiri ni panya aliyekufa ukutani, nikamtuma mtu amtafute. Charlotte alikuja kubadilisha shuka, akasimama, akageuka, akanivua soksi ya kushoto. Chini ya kidole gumba kulikuwa na tundu. Alikaa sakafuni.

"Papa, ni tangu wakati gani?"

"Sijui," nilisema. Ndiyo ilikuwa kweli.

"Dorcas! Dorcas, weye si unaangaliaka miguu ya koko yako?"

Dorcas alifika mlangoni, akaona. Sijasahau uso wake. Alifungua mdomo kusema, nami nikamtangulia: "Ni mimi nilimkataza." Ni uongo mmoja nisioujutia.

Hospitalini tulikaa tena kwenye mabenchi yale. Muuguzi alinikumbuka. Hakunigombeza, alivaa glavu, akaguna kidogo, akaita daktari. Wakasafisha kila siku. Wakaanza kunichoma tumboni sindano za dawa ya sukari. Baada ya majuma wakakata kidole gumba, na kwa muda tulifikiri imetosha. Mvua zikaanza tena. Kutoka kitandani nilisikia mto ukivuma kwa mbali, au nilifikiri ni mto.

Wanaokuja kumtazama mgonjwa kwetu huleta sukre na biskuti. Kabati langu dogo lilijaa chupa. Walioleta walijua nina ugonjwa gani, lakini mkono mtupu haufai. Yaya Sofia alileta kasha zima.

"Yaya," Charlotte alimwambia, "ni weye ulimwambia akunywe."

"Mimi? Mimi nilisema chupa moja! Ya pili aliomba mwenyewe, batu bote balisikia! Na mbele ya ile, nani alimulogea kiu?"

"Hakuna aliyeniloga," nilisema. "Nyamazeni wote wawili, huyu mwenzangu amelala."

Mwenzangu wa kitanda cha pili, mvuvi wa Ubundu aliyevunjika mfupa wa paja, hakuwa amelala. Alifungua jicho moja akasema kwamba kama chupa zinaleta ugomvi, yeye yuko tayari kuzipokea. Tulicheka sote, hata Charlotte. Alizinywa moja baada ya nyingine, siku kwa siku, na kila alipofungua alisema, "Kwa afya yako, mkubwa." Rehema ndogo za namna hiyo zilikuwapo, nisiseme kwamba hazikuwapo.

Kidonda hakikusimama. Weusi ulipanda. Daktari alisema wazi, mguu au maisha, na Charlotte aliweka sahihi. Walinikata mguu wa kushoto chini ya goti. Nilipoamka nilisikia kidole gumba kinaniwasha, kidole ambacho kilikuwa kimeondoka kabla ya mguu wenyewe. Mguu uliokataa kuniambia chochote nilipokuwa nao, sasa haukunyamaza.

Dorcas alikuja siku ya pili, akiwa na sare ya shule. Hakusalimia. Aliinua shuka upande wa chini, akaushika mguu wa kulia, akawasha taa ya simu. Aliangalia juu, chini, katikati ya vidole. Akaushusha polepole, akaufunika.

"Hii iko na document," alisema, ndipo akalia.

Nilimwomba msamaha hapo. Nilisema yote niliyopaswa kusema kwenye ngazi ya kwanza ya baraza. Alijibu kwamba yeye pia angepaswa kupanda ngazi. Nilimwambia hapana, yeye alikuwa mtoto aliyetimiza neno lake, mkosaji ni mimi. Tulipatana. Tuko hivyo mpaka leo.

Sasa natembea kwa magongo, kutoka kitandani hadi barazani na kurudi. Angèle amezaa, anaishi vizuri Barumbu. Wakwe walipojua habari walinitumia samaki wa kukaushwa na maneno mazuri. Kiatu chao cha kulia bado kiko. Cha kushoto nimempa mtu mwenye bahati kama yangu, ila yeye amebakiwa na mguu wa kushoto.

Kwa hao wanaume wawili waliokuja kuniuliza, nasema: mtafute mtu wa kuangalia miguu yenu, na mkishamkosea, mwombeni msamaha jioni ileile, kabla maji ya beseni hayajapoa.

Kila jioni Dorcas huleta beseni. Ameingia mwaka wa mwisho wa sekondari. Huosha mguu mmoja, hukausha, huwasha taa, huangalia kwa uangalifu uleule. Pembeni yake, juu ya ngazi, huwa ameweka chupa yake ya sukre, imefunguliwa, na kati ya kisigino na vidole huinywa kidogo. Tangu siku ile ya mahari hakuacha tena. Juzi nilijaribu.

"Dorcas, ile kitu. Muuguzi alisema inatembea mu famille."

Aliinua macho. Hakuwa na ubaya wowote. "Koko," alisema, "weye ulishindwa na uko mugonjwa. Mimi mwenye siko mugonjwa, nitawezaje?" Akapiga funda moja, akarudi kwenye vidole.

Niliangalia chupa ikipungua.

Chupa zile mbili ziliniondolea mguu wa kushoto, kutoka chini ya goti. Kutokuwapo kwa mguu nimeshakuzoea. Ziliniondolea pia mdomo wa kumwambia mtoto huyu aache, wakati ni kwa ajili yangu peke yangu aliwahi kuacha.